Dripu za Kadar Firimbi

Ukikaa sana na watu wa Garissa, watakupa jina ambalo mama yako hakukupa. Mwenye kuchechemea ataitwa kwa mguu wake, mwenye jicho bovu kwa jicho lake, mbele ya wakwe na watoto, naye ataitika bila kununa kwa sababu anayemwita ana lake pia. Si ukorofi. Ni njia ya kutambuana mahali ambapo ukiita Mohamed sokoni, nusu ya soko inageuka.

Kadar Kerrow aliitwa Firimbi, na hilo lilikuwa jina la sifa. Gereji yake ilikuwa uwanja wa mchanga nyuma ya Soko Mugdi, wenye mgunga mmoja na kontena kuukuu aliloligeuza stoo. Gari lililoingia pale likikohoa lilitoka likipiga firimbi: dereva anakanyaga mafuta, na chini ya boneti inapanda sauti nyembamba inayokufuata hadi kona ya pili. Ni sauti ya turbo, na madereva wa maziwa waliipenda kuliko sauti za wake zao. Kadar akiisikia ikipita mbali alinyamaza katikati ya maneno, akatabasamu, akaendelea.

Kazi yenyewe haikuwa ya uchawi. Turbo ni feni mbili ndogo juu ya ufito mmoja. Moshi wa injini unazungusha ya kwanza, na ya pili inavuta hewa ya nje na kuisukuma ndani. Hewa ikizidi, nguvu inazidi. Waliounda gari hawakuwa wajinga; waliweka kilango cha kupunguza kasi upepo ukipita kiasi, na mpira mwembamba wa kukipelekea kilango hicho habari za upepo. Kadar aliukata mpira huo, akaunganisha kipande cha mrija wa dripu pamoja na kile kigurudumu cha plastiki ambacho wauguzi hukisukuma kwa dole gumba wanapopima maji ya mgonjwa. Alivinunua duka la dawa, vipya, ndani ya pakiti yake. Kigurudumu kikifunguliwa kidogo, upepo kiasi unavujia nje, kilango kinaletewa habari ya uongo, kinachelewa kufunguka, na feni inazunguka kuliko ilivyopangiwa. Kisha alikaza skrubu ya pampu ya dizeli, akang'oa sanduku la kichujio cha hewa na kuweka bomba fupi lililofungwa chujio la chai mdomoni. Basi. Pikapu iliyokuwa ikipanda kilima kama mzee mwenye pumu iliruka.

Madereva hawakuomba nguvu za injini. Walisema, "Firimbi, nitilie dripu."

Nao walikuwa na sababu. Maziwa ya ngamia hayana subira. Yanakamuliwa alfajiri huko Habaswein na maboma ya kandokando, yanamiminwa katika madumu ya manjano yaliyofukizwa moshi ndani, kisha yanapandishwa kwenye pikapu na kuteremshwa Garissa huku jua likipanda pamoja nayo. Pikapu ya kwanza kufika inapokewa na wanawake wa soko kwa vigelegele. Ya mwisho inapokewa na pua zilizokunjwa. Lami ilipoletwa, watu walidhani mashindano yatapoa. Yalizidi.

Miongoni mwa wanawake hao wa soko alikuwa Rukiyo, dada yake Kadar, mdogo wake wa pekee kwa mama. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kucheka kwa nadra, na aliyeweza kuonja maziwa kwa ncha ya ulimi akakwambia ngamia alilishwa upande gani wa mto. Mume wake wa kwanza, Abdow, alikuwa dereva wa lori. Lori lilipinduka barabara hiyohiyo, na Abdow akaletwa nyumbani amefunikwa kwa turubai. Miaka ilipita. Rukiyo aliolewa tena, na kama kwamba ameandikiwa usukani, mume wa pili naye alikuwa dereva: Sakariye, mtu mpole, mfupi, wa pikapu ya maziwa.

Siku Sakariye alipoleta pikapu yake gereji kwa mara ya kwanza, Rukiyo alikuja naye, ameshika chupa ya chai. Alimvuta kaka yake pembeni ya kontena.

"Abowe," akasema, kwa jina la heshima ambalo kwao mtu humwita kaka mkubwa, "Abdow nilimwachia barabara, ikamla. Huyu namwacha kwako. Gari lake usiliguse kama unavyogusa magari ya watu. Ni amana."

"Nimepokea," Kadar akasema.

Amana si neno la kuchezewa kule. Mtu akikuachia mbuzi wake kwa neno hilo na fisi akamla, huwezi kwenda kumwambia tu kwamba fisi alikuwa na njaa. Kadar alilijua hilo tangu akiwa mchungaji, kabla hajawahi kushika spana. Kwa miezi kadhaa aliishughulikia pikapu ya shemeji yake kama mtoto mgonjwa, akaikatalia dripu kila alipoombwa.

Lakini Sakariye alikuwa akifika mwisho. Tena mwisho wa aibu, madumu yamevimba mifuniko. Na aliyelalamika zaidi, nisikufiche, ni Rukiyo mwenyewe. Alikuja gereji siku moja amekunja uso, akamuuliza kaka yake kama anataka mume wake awe kichekesho cha Soko Mugdi. Kadar akamkumbusha ile amana.

"Sikusema asifike," Rukiyo akajibu.

Basi Kadar akaitia dripu. Alijiambia kwamba asipoifanya yeye, mwingine ataifanya na kuifungua yote. Akafungua robo tu. Pikapu ya Sakariye ikaanza kupiga firimbi, na Rukiyo, aliyekuwa akiisikia ikiingia mjini kabla haijaonekana, alianza kuosha vikombe mapema.

Mambo mawili Kadar aliwaambia madereva wote waliotiwa dripu, na aliyasema kwa ukali. La kwanza, usiongeze mwenyewe. La pili, usizime ghafla. Ule ufito wa feni unaelea ndani ya mafuta, unazunguka kwa kasi ambayo akili haiishiki, na gari lililokimbizwa juani huwa moto hadi chuma kinawiva. Ukizima papo hapo, mafuta yanasimama pale yalipo na kuungua, kama mafuta ya mandazi yaliyosahauliwa jikoni. Yanaganda, yanakuwa masizi, yanakwaruza. Ukirudia siku baada ya siku, ufito unalegea na mafuta yanaanza kupenya. Dawa yake ni ndogo: ukisimama, acha injini iungurume kidogo, ipumue, ndipo uzime.

Wote waliambiwa, isipokuwa Sakariye. Yeye aliambiwa nusu.

Sakariye alikuwa mtu wa swala. Si wale wanaotaka waonekane. Alikuwa anajua kila msikiti wa mabati na kila mstari wa mawe uliopangwa mchangani kati ya Habaswein na Garissa, na aliupanga mwendo wake kwa hiyo mistari. Adhana ikimkuta njiani alikanyaga mafuta mpaka mahali pa kuswalia, akaikunja pikapu pua ikaelekea kibla, akazima, akachomoa funguo na kuruka chini na birika la udhu. Hata gari lake, watu walisema kwa utani, lilikuwa na udhu. Alikuwa na msala mwekundu ambao Rukiyo alimpa walipooana, na aliubeba begani kama wengine wabebavyo bunduki.

Kadar kwa upande wake alikuwa mtu wa kuswali adhuhuri wakati wenzake wanasubiri alasiri. Mikono ina grisi, alisema, nguo zina dizeli. Sakariye hakuwahi kumlaumu. Labda angemlaumu ingekuwa afadhali.

Kadar alijaribu kumwonya mara moja. "Seddi," alimwambia, kama mashemeji wanavyoitana kule, "ukifika mahali pa kuswali usizime mara moja. Iache ipumue."

Sakariye alifikiri kwanza, kwa sababu alikuwa mtu wa kufikiri. "Swala ya jamaa itanipita," akasema. "Halafu, Kadar, nitasimamaje mbele ya Mwenyezi Mungu na gari linanguruma mgongoni mwangu kama linaniambia fanya haraka?"

Kadar alifungua mdomo. Alijiona yeye, mvivu wa swala, akimfundisha mchamungu namna ya kuichelewesha. Uso ukamchoma.

"Haye," akasema. Sawa. Akarudi chini ya gari alilokuwa akilitengeneza na kulala pale kwa muda bila kugusa nati hata moja. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, alijiambia. Wahenga walisema vizuri, ila hawakumwona Kadar.

Mwaka haukuisha. Asubuhi moja Rukiyo alifika gereji kabla soko halijachangamka. Safari hii hakuwa na chupa ya chai.

"Gari la Sakariye likiwashwa linatoa moshi," akasema.

"Rangi gani?"

"Samawati. Kama ubani. Halafu unaisha."

Kadar aliweka chini alichokuwa ameshika. Moshi wa samawati ni mafuta ya injini yanayoungua, na kwa pikapu ile alijua yanapita wapi. Alimtafuta Sakariye akamwambia turbo lazima ifunguliwe leo. Sakariye akamwonyesha madumu yaliyokwisha kupangwa; watu wa Habaswein walikuwa wanamsubiri, ngamia watakamuliwa alfajiri, naye alikuwa ametoa ahadi. Akirudi kesho, gari ni la Kadar hata wiki nzima.

"Basi nakwenda nawe," Kadar akasema. "Nilisikilize."

Rukiyo aliyasikia hayo, na uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Alimtilia kaka yake chapati kwenye gazeti. Hakusema neno amana tena. Hakukuwa na haja.

Kwenda kulikuwa kwema. Madumu matupu hayana uzito, na Sakariye aliendesha polepole kwa ajili ya sikio la shemeji yake. Siku ya pili wakateremka na maziwa. Mzigo ulikuwa mzito, jua lilikuwa kali, na kulikuwa na pikapu nyingine mbele yao ambayo Sakariye aliijua kwa namba. Firimbi ilipanda. Kadar, aliyezoea kuifurahia, aliisikia safari hiyo na mkwaruzo ndani yake, mdogo, kama punje ya mchanga kwenye meno. Alimwambia Sakariye apunguze, naye akapunguza. Kisha saa ya adhuhuri ikakaribia, na mbele yao, upande wa kushoto, kulikuwa na msikiti wa mabati na watu wameanza kujipanga. Sakariye akakanyaga.

Kadar alimwona akikanyaga. Alikuwa na nafasi ya kusema, na aliijua kuwa ni nafasi. Akatazama nje dirishani.

Msikiti ulikuwa umejaa na mstari mmoja wa watu ulikuwa nje mchangani: wachungaji, abiria wa lori lililosimama pale, wazee wawili wenye fimbo. Sakariye alikunja pikapu, pua ikaelekea kibla, nyuma ya mstari ule, karibu kiasi cha kuona nyayo zao. Nyuma ya pikapu, kivulini mwa lori, wanawake walikuwa wamekaa na watoto. Sakariye akazima, akachomoa funguo, akashuka na birika mkononi na msala begani.

Injini ilishuka, ikakaribia kunyamaza. Kisha ikapanda.

Ilipanda yenyewe, bila funguo, bila mguu wa mtu. Sakariye alisimama akizitazama funguo zilizo mkononi mwake. Sauti ikawa ngurumo, ngurumo ikawa yowe, moshi mzito mweupe na wa samawati ukamwagika nyuma ya gari na kuwafunika wanawake, watoto wakaanza kulia. Ufito ulikuwa umelegea kabisa, na turbo ilikuwa ikiinywesha injini mafuta yake yenyewe. Injini ya namna hiyo haihitaji dizeli. Inajila, inazidi kasi, inazidi njaa, mpaka ipasuke, na ikipasuka vyuma vinatoka pande zote na haviulizi nani yuko kwenye swala.

Mstari haukuvunjika. Walikuwa wamekwisha kufunga swala. Sauti ya Maalim, imamu wa pale, ilimezwa, lakini migongo ile ilirukuu pamoja.

Sakariye alirukia kiti cha dereva. "Nitie gia?" akapiga kelele. "Nitie gia ife?"

"Usitie!" Kadar akamjibu. Gia ingeweza kuiua injini, na ingeweza pia kulirusha gari. Mbele kulikuwa na migongo iliyoinama. Nyuma kulikuwa na watoto. Breki zilikuwa zimetoka kukimbizwa na zilikuwa moto. "Shuka! Shuka uende mbali!"

Sakariye alishuka, lakini hakwenda mbali.

Kadar alifungua boneti, joto likampiga usoni. Kulikuwa na njia moja iliyobaki, nayo ni kuinyima hewa. Gari lingekuwa na sanduku lake la kichujio, angeweza kuziba mdomo wake kwa mbali, kwa usalama. Yeye ndiye aliyeling'oa. Alilishika lile bomba fupi lenye chujio la chai, akalipindua likatoka, na mdomo wa turbo ukabaki wazi mbele yake, na ndani yake feni haionekani tena kwa kasi, ni kivuli cha mviringo tu kinachopiga yowe.

Alihitaji kitu cha kuziba. Aligeuka, na kitu kilikuwa hapo hapo, mkono mmoja kutoka kwake, begani kwa Sakariye: msala mwekundu, mzito, umekunjwa vizuri. Aliuona. Akili ya fundi ilisema chukua. Akauona ule msikiti mdogo uliofumwa katikati yake, akaiona mikono yake yenye grisi, na aibu ileile ya siku zote ikamshika kifundo cha mkono.

Akaweka kiganja chake.

Alidhani atakibana bapa, kama mtu anavyoziba mdomo wa chupa. Upepo ule haukumpa nafasi ya kudhani. Ulimvuta. Hakusikia maumivu kwanza. Alisikia sauti ya firimbi ikibadilika, na akaona damu kwenye betri. Kisha bega la mtu lilimsukuma kando, na Sakariye, yule mchamungu, Sakariye ambaye alikuwa akipangusa viatu mara mbili kabla ya kuukaribia msala wake, aliukusanya kama tambara la jikoni na kuukandamiza kwenye mdomo wa turbo kwa mikono yote miwili, bila kuutazama, bila kusita hata kidogo. Injini ilitapatapa. Gari zima lilitikisika, madumu yakagongana. Ikakohoa, ikakata pumzi, ikafa.

Katika ukimya ule ikasikika sauti ya Maalim akitoa salamu, kulia, kisha kushoto.

Hospitalini Garissa, Kadar alihudumiwa na muuguzi wa Meru, Kananu, msichana mwenye mikono baridi na maneno machache. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikuweza kuokolewa, cha shahada na cha kati. Alipozinduka vizuri, Kananu alikuwa amesimama juu yake akisukuma kigurudumu cha dripu kwa dole gumba, akihesabu matone. Kadar alikitazama kwa muda mrefu.

"Sista," akasema kwa Kiswahili chake cha soko, "hiyo kitu mimi najua. Nafunga kwa gari."

"Kwa gari?" Kananu akasimamisha dole gumba. "Gari inaumwa?"

"Haiumwi. Nafunga ibate nguvu."

Kananu alidhani ni dawa ya usingizi inayosema. "Hii yangu huwa ni ya mtu ameishiwa na nguvu," akasema. "Mzima nikimwekea ovyo naweza kumuua. Sasa wewe lala."

Alipoondoka, Kadar alilia. Wenye kumjua wanasema ni dawa. Mimi nasema ni kilio, na kilikuwa kimechelewa.

Rukiyo alikuja jioni. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaishika ile bandeji kama mtu anavyoshika kitu kilichotoka motoni. Kadar alikuwa amejiandaa kwa laumu, na angeipokea kwa shukrani. Haikuja.

"Amana yangu umenirudishia," Rukiyo akasema. "Yuko nyumbani, mzima, anakataa kula. Sikukutuma uirudishe kwa mkono wako."

Rukiyo akaiachia bandeji.

"Sakariye anasema ulijua gari lina ugonjwa gani. Ulijua tangu lini?"

"Tangu kabla ya moshi." Sauti yake ilikuwa kavu. "Anazima injini ikiwa moto. Kila swala. Hilo ndilo lililoiua turbo."

"Na hukumwambia?"

"Nilimwambia. Akanijibu kwamba hawezi kuswali gari likinguruma nyuma yake. Ningesema nini, abaayo, dada yangu? Mimi, nimwambie mtu kama yule acheleweshe swala kwa ajili ya turbo?"

Rukiyo hakuwa mtu wa magari. Alijua maziwa na watu. Lakini alikuwa mwanamke aliyeswali mara tano kila siku ya maisha yake, na alijua kwa mikono yake kila kitu kinachotangulia swala.

"Si anatia udhu kwanza?" akasema taratibu.

Kadar alimtazama.

"Anakaa na birika, ananawa mikono, uso, miguu. Anaweza akaiacha ingurume wakati anatia udhu. Akimaliza, azime, aende. Swala itakuwa imechelewa wapi?"

Lilikuwa neno dogo hivyo. Lingetosha kusemwa dirishani mwa gari huku mtu anafunga mkanda. Kadar alikuwa na miezi mingi ya kulisema, na hakulifikiria, kwa sababu hakuwahi kuikaribia swala vya kutosha kuona kwamba ina mlango. Aliiona kwa mbali kama ukuta, akaiogopa, akauita woga wake heshima. Alimgeuzia dada yake mgongo, akatazama ukuta wa wadi, na Rukiyo akamwacha atazame.

"Kimya chako, abowe," akasema baada ya muda, "kimetufikisha mbali sana."

Sakariye alikuja siku iliyofuata. Hakujua aweke wapi mikono yake mizima, akaificha kwapani. Kadar alimwomba radhi, kwanza kwa ajili ya kunyamaza, kisha kwa ajili ya msala.

"Msala?" Sakariye akashangaa. "Ulikuwa unaogopa msala?"

"Ni kitu cha ibada."

"Ni kitambaa, Kadar. Chini yake ni mchanga, na mchanga pia mtu anaswalia." Aliitoa mikono kwapani. "Ungeuchukua. Wallahi, laiti ungeuchukua."

Siku hizi Kadar bado yuko nyuma ya Soko Mugdi, chini ya mgunga uleule. Dripu hafungi tena, na hata angetaka, mkono wa kulia hauwezi kushika kile kigurudumu. Pikapu za maziwa bado zinapiga firimbi, kwa sababu mafundi wengine wapo na maziwa bado hayana subira. Nisingependa udhani mji mzima ulitubu. Lakini gari lolote likiingia kwake, hata lililokuja kwa pancha tu, dereva ataulizwa kwanza anaswalia wapi njiani, kisha ataambiwa neno la udhu. Vijana wanamcheka. Yahye, ambaye pikapu yake ndiyo inayofika ya kwanza siku hizi, alimuuliza kama amekuwa sheikh. Kadar alimwonyesha mkono wake, na Yahye akazima kicheko.

Jina la Firimbi limekufa. Kwa desturi yetu wangempa jingine la vidole, na mmoja alilijaribu sokoni, mbele ya meza ya Rukiyo. Rukiyo aliweka kikombe chini, akamtazama mtu huyo hadi akaondoka bila maziwa. Sasa anaitwa Kadar tu, na ni yeye pekee gereji nzima anayeitwa kwa jina alilopewa na mama yake.

Sakariye hupitia gereji adhuhuri akiwa anashusha maziwa. Turbo yake ni mpya, haina dripu, na anafika wa tatu au wa nne. Akisimama, anaiacha injini ikiunguruma na kushuka na birika. Anamiminia Kadar maji kwanza, kwa kuwa mkono mmoja haukusanyi maji vizuri, Kadar ananawa, kisha naye ananawa. Ndipo anaingiza mkono dirishani na kuzima, na uwanja wote unakuwa kimya. Wanatandika msala mwekundu. Kona yake moja imeliwa na feni na Rukiyo ameitia kiraka cha kanga. Sakariye amekataa kununua mwingine.

Wanaswali bega kwa bega, mapema, pamoja na watu. Wakifika kwenye kikao cha mwisho, wakati wa kuitoa shahada, Sakariye huinua kidole chake cha kulia. Kadar naye huinua pale kidole kilipokuwa.